Sikio Nalo Lifundishwe

Wengi wa wanafunzi wetu hapa Uganda hukiona Kiswahili kabla ya kukisikia. Hukiona ubaoni na kitabuni; wakitoka darasani hurejea lugha za nyumbani. Hivyo mtu aweza kuandika insha safi, lakini mgeni wa kutoka Tanga akimsemesha, hubaki amekodoa macho. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili lugha rasmi, upungufu huu umekuwa aibu yetu walimu.

Ndiyo maana twavipokea kwa furaha vipindi vya sauti viitwavyo podikasti, ambavyo mwalimu aweza kuvipakua kutoka intaneti na kuvirudia apendavyo. Tukitazame kimoja: "Jifunze Kiswahili" cha idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa, ambamo mtaalamu, kama vile wa BAKITA, hufafanua neno au methali. Sifa zake ni ufupi na sauti ya mjuzi wa lugha. Kasoro yake, kwa mwanafunzi mchanga, ni kwamba fasili yaweza kuwa ngumu kuliko neno lenyewe, wala msikilizaji hana nafasi ya kujibu. Hatuwalaumu watangazaji, kwani hawakusudii darasa peke yake. Kukigeuza kipindi kuwa somo ni kazi yetu.

Nasi tulikosea mwanzoni. Tuliweka simu mezani, tukakiachia kipindi kirefu mpaka mwisho, tukadhani tumefundisha. Wanafunzi walinyamaza kwa adabu. Tulipouliza swali, hapakuwa na mkono ulioinuliwa.

Siku hizi twachagua sehemu ya dakika moja tu. Mara ya kwanza husikiliza vitabu vikiwa vimefungwa. Mara ya pili huandika walichokisikia. Mara ya tatu husahihishana. Hapo ndipo aliyezoea Kiganda agunduapo kwamba ameandika "kula" mahali pa "kura", au "samani" mahali pa "thamani". Kitabu kisingalimfichulia kosa hilo, kwa maana kitabuni herufi humwongoza. Kisha, wawili wawili, huyatumia maneno hayo katika mazungumzo yao wenyewe.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, podikasti na iingie darasani, lakini isikalie kiti cha mwalimu. Sauti ngeni hufungua sikio. Ulimi haufunguki mpaka mwanafunzi apewe zamu ya kusema.