Taifa Jipya Katika Gemu la Historia: Mwongozo wa Kutambua Kazi Nzuri

Kuongeza taifa katika gemu la mikakati ya kihistoria ni ufundi wenye vipande vinavyojulikana: uwezo mmoja au miwili ya taifa zima, kikosi cha pekee, jengo la pekee, majina ya miji, muziki, sauti za askari, na katika baadhi ya magemu, sura ya kiongozi. Vipande hivi vyaweza kukamilika vyote na bado taifa likawa ni sare mpya iliyovikwa mwili uleule. Kazi nzuri hutambulika mchezaji anapojikuta anapiga hesabu zilezile walizopiga watu wa taifa hilo: wapi pa kukaa, nani wa kuogopwa, kipi cha kuuza, na ni nini kitakachokosekana hata mambo yakienda vizuri.

Poland ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa mafundi tofauti wameijaribu na matokeo yao yanaweza kulinganishwa. Katika Civilization V iliingia mwaka 2013 na nyongeza ya Brave New World, ikiongozwa na Casimir III. Katika Civilization VI ilikuja Desemba 2016 chini ya Jadwiga, yule binti aliyetawazwa mwaka 1384 kwa cheo cha mfalme. Katika Age of Empires II ilifika Agosti 2021, pamoja na Bohemia, katika nyongeza ya Dawn of the Dukes.

Jaribio la kwanza la mpimaji ni kubadilisha jina. Uwezo wa taifa husomwa, kisha jina la taifa jingine hupachikwa mahali pake. Kama hakuna kinachogongana, uwezo huo ni zawadi tu. Poland ya mwaka 2013 hupewa sera moja ya bure kila inapoingia zama mpya, na uwezo huo umepewa jina la Mshikamano, kwa kukumbuka chama cha wafanyakazi kilichozaliwa Gdańsk mwaka 1980. Wachezaji wengi waliipenda kwa nguvu yake, na kweli ni nguvu kubwa. Lakini ukiuhamishia Hungaria au Ureno, hakuna atakayeshtuka. Jina ni la Poland. Kinachotendeka ni cha yeyote.

Jengo la folwark la mwaka 2021, katika Age of Empires II, linapita jaribio hilohilo kwa urahisi. Linachukua nafasi ya kinu cha kawaida, na kila shamba linalojengwa kando yake hutoa sehemu ya kumi ya chakula chake papo hapo. Mchezaji huanza kuyapanga mashamba kuzunguka jengo la bwana mkubwa, kama nafaka ya Poland ilivyopangwa kuzunguka mashamba ya mabwana kabla ya kushushwa kwa mto Vistula hadi bandari ya Gdańsk na kuuzwa Ulaya magharibi. Umbo la makazi kwenye skrini limefuata umbo la uchumi wenyewe, na hakuna maelezo marefu yaliyohitajika. Upungufu wa jengo hilo uko upande mmoja: wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, ambao jasho lao ndilo lililoijaza Gdańsk nafaka, hawaonekani popote. Mchezaji anavuna faida ya mfumo bila kuonja uzito wake.

Hapo ndipo palipo na kasoro inayojirudia katika ufundi huu. Mafundi wengi hutoa uwezo na kusahau kizuizi. Poland ya historia ilikuwa na bunge ambamo, kuanzia mwaka 1652, mjumbe mmoja aliweza kuvunja kikao kizima kwa kupinga peke yake. Ilikuwa na wafalme waliochaguliwa na tabaka la mabwana. Na mwaka 1772, 1793 na 1795 ikagawanywa na majirani watatu mpaka ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123. Historia ya namna hiyo inastahili zaidi ya orodha ya faida. Poland ya Jadwiga inakaribia kidogo kwa Uhuru wa Dhahabu, unaogeuza nafasi moja ya sera za kijeshi kuwa nafasi huria. Angalau katiba ya taifa inaguswa. Hata hivyo uhuru huo unakuja bila gharama, ilhali gharama ndiyo iliyoiangusha nchi.

Kikosi cha pekee ni sehemu inayopendwa mno, na kwa sababu hiyo isipewe uzito kupita kiasi. Wapanda farasi wenye mabawa wa Poland wanastahili sifa: mwaka 1605 huko Kircholm, jeshi la Poland na Lithuania lisilofika watu 4,000 liliwashinda Waswidi karibu 11,000 kwa shambulio la farasi. Civilization VI imewafanya waweze kumsukuma adui nyuma kutoka kigae alichosimama, na huo ni uamuzi mzuri kwa sababu mshtuko wa shambulio unaonekana kama tendo kwenye ramani. Namba ya nguvu iliyoongezwa kimyakimya isingefikisha ujumbe huo.

Kipimo kigumu zaidi cha ufundi huu hakiko Poland. Kiko kwenye nchi zisizokuwa na mfalme mmoja, jiji wala jeshi la kudumu, kwa kuwa huko vipande vya kawaida vya gemu havitoshei. Uwanda wa Makonde, unaopanda kutoka pwani ya Mtwara na Lindi mpaka ukingo wa Newala, wenye kimo cha mita 700 hivi, ni mfano unaofaa sana. Chini ya ukingo huo kuna bonde la Ruvuma kwa upande wa kusini, na kwa magharibi tambarare ya Masasi yenye milima ya mawe matupu. Fundi atakayeweza kuutengeneza uwanda huu vizuri ataweza kutengeneza taifa lolote.

Mpimaji aanze na maji. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga na hunywa mvua haraka, hivyo mito na chemchemi ziko mabondeni. Watu walikaa juu, na wanawake wakateremka ukingo na kuupanda tena na mitungi. Mjerumani Karl Weule, aliyefanya utafiti Masasi na Newala mwaka 1906, aliikuta hali hiyo na kuiandika. Suluhisho la kusukuma maji kwa mitambo kutoka mabondeni lilianza kushika katika miaka ya 1950. Karibu kila gemu la aina hii linamfundisha mchezaji kujenga mji kando ya mto. Taifa la Wamakonde lililotengenezwa vizuri litaupindua mtindo huo: kijiji cha juu kinakuwa salama na chenye afya, lakini kila zamu sehemu ya nguvukazi inaliwa na safari ya maji. Mchezaji aone kwa macho namba ya watu wake ikigawanyika kati ya shamba la mtama na muhogo kwa upande mmoja, na njia ya ukingoni kwa upande wa pili.

Sababu ya watu kukubali mzigo huo nayo iwemo. Simulizi ya Wamakonde ya asili yao, ambayo Weule aliichapisha, inamtaja mtu wa kwanza aliyechonga umbo la mwanamke kwa mti, likageuka kuwa mke wake. Watoto waliozaliwa karibu na mto walikufa, na aliyezaliwa juu ndiye aliyeishi, ndipo wakausiwa kukaa mbali na maji makubwa. Ndani ya simulizi hiyo kuna kanuni kamili ya mchezo, iliyokwisha kupangwa na wenyewe: bondeni kuna rutuba na maji, na kuna kifo. Zaidi ya maradhi kulikuwa na wavamizi. Biashara ya watumwa ilipita mabondeni kuelekea Lindi, Mikindani na Kilwa, na Wangoni, walioitwa Wamagwangwara katika eneo hilo, walishuka kutoka magharibi. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, ambako miaka 6 kabla yake Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa ameweka makazi ya watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Uwanda ulikuwa na vichaka vizito, na vijiji vilijificha humo, vikifikiwa kwa vijia vyembamba. Ulinzi wa taifa hili basi ni kichaka chenyewe. Fundi akiweka ukuta wa mawe au ngome, kazi yake ishushwe daraja bila kusita. Akiweka kanuni kwamba kigae chenye kichaka kinaficha kijiji, na kwamba kufyeka shamba jipya kunapunguza maficho, amefika mbali: kila mavuno yanakuwa na bei ya usalama.

Suala la kiongozi linahitaji uangalifu kuliko mengine, na hapa makosa huja kwa nia njema. Jina linalovutia mara moja ni Machemba wa Luagala, aliyekataa kujisalimisha kwa Wajerumani kwa barua ya Kiswahili aliyomwandikia kamanda wao Hermann von Wissmann mwaka 1890, akaendelea kuwasumbua mpaka mwaka 1899 alipovuka kwenda Msumbiji. Ni mtu mwenye hadhi ya kusimama na kiongozi yeyote wa magemu haya. Lakini Machemba alikuwa Myao, kama alivyokuwa Matola wa Newala, jirani yake aliyewapokea wamisionari. Kumvika Machemba taifa la Wamakonde ni kufuta uhusiano mgumu wa uwanda huo, ambako viongozi wa Kiyao wenye bunduki na biashara ya mpira wa porini waliishi katikati ya vijiji vya Wamakonde visivyokuwa na mtawala mmoja. Wamakonde walifuata ukoo wa mama, na kila eneo lilikuwa na mkubwa wake. Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, imelegeza jambo hili kwa kuwatenganisha viongozi na mataifa, na hata kuwaruhusu viongozi ambao hawakuwahi kutawala nchi. Katika mfumo kama huo Machemba aweza kuongoza bila uongo, mradi maelezo yaseme yeye ni nani. Katika magemu yanayodai mfalme, suluhisho la heshima ni kuligawa taifa katika vijiji vinavyokubali amri kwa masharti, na mchezaji ahangaike kuvishawishi.

Kosa la wakati huja kinapotafutwa kitu maarufu zaidi. Kwa Wamakonde ni kinyago cha mpingo, na kwa kuwa kinauzwa duniani kote, kila fundi mgeni atakikimbilia. Barakoa nyepesi za ngoma na jando ni za zamani. Vinyago vya mpingo vya shetani, vinavyohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, na minara ya watu waliopandana iitwayo ujamaa, ni matunda ya karne ya 20, yaliyostawi hasa katika soko la Dar es Salaam kwa mikono ya wachongaji wengi waliotoka upande wa Msumbiji. Gemu linaloishia mwaka 1800 halina haki ya kuvitumia. Gemu linalofika zama za kisasa lina haki hiyo, na lifanye hivyo kwa fahari, lakini kinyago kifunguke kwa wakati wake. Zanzibar katika Civilization VI inaonyesha ubaya wa kupuuza jambo hili. Ni dola-mji linalompa mlezi wake karafuu na mdalasini tangu zama za kale kabisa, ilhali mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ni kazi ya karne ya 19 chini ya masultani wa Oman. Uzuri wa wazo unabaki, kwa kuwa viungo hivyo havipatikani kwingine kwenye ramani, ila historia ya miti yenyewe, na ya watumwa walioipanda na kuichuma, imepotea. Buganda ya Civilization VII imetendewa kwa uangalifu zaidi: imewekwa katika zama za kisasa, na Ziwa la Kabaka, lililochimbwa Mengo wakati wa Mwanga II, limefanywa ujenzi wake wa pekee.

Kugeuza barakoa za jando kuwa kofia za askari kunatosha kuiangusha kazi nzima, hata sehemu nyingine zikiwa nzuri. Barakoa hizo zina shughuli yake na watu wake. Kikosi kinachofaa ni wavamizi wa kuvizia wenye magobore yaliyopatikana pwani kwa kubadilishana na mpira na sandarusi: wakali ndani ya kichaka, dhaifu wakitoka tambarare.

Majina na sauti hukaguliwa haraka, kwa sababu uzembe hujitokeza wenyewe. Orodha ianze na Newala, Mahuta, Kitangari, Luagala, Nanyamba na Tandahimba. Ikitokea Masasi au Lukuledi, fundi ajue ameshateremka kwenye nchi ya Wamakua, Wayao na Wamwera, na kwamba Masasi ingefaa zaidi kuwa mji wa jirani wa kufanya naye biashara. Askari wakijibu kwa Kiswahili cha Unguja badala ya Kimakonde, ni sawa na Wapoland kujibu kwa Kirusi.

Baada ya kusoma maelezo yote, taifa lichezwe mara mbili: mara moja na mzoefu, mara nyingine na mgeni asiyejua chochote kuhusu Ruvuma. Mzoefu hutazamwa kama anabadili mwenendo wake wa siku zote. Akiendelea kujenga kando ya mto na kushinda, kanuni za uwanda ni mapambo. Mgeni huulizwa kwa nini alipoteza au alipata. Akijibu kwamba alikosa maji kwa kuogopa kushuka, au kwamba alifyeka mno akaonekana, fundi amefaulu. Mwisho atazamwe mpinzani, kwa sababu taifa zuri humbadilisha hata yule asiyelichagua. Jirani wa Poland atajizatiti kwa mikuki dhidi ya farasi, naye jirani wa Wamakonde atajikuta ana jeshi kubwa lisilojua lipige wapi, mpaka aamue kukaa kwenye vijia vya maji na kusubiri wateremke.