Herufi Ndogo za Ramani Kubwa

Kompyuta imeingia katika ofisi za wapima ardhi na maofisa mipango miji wetu, nayo imestahili kukaribishwa. Mstari wake haupindi, wino wake haumwagiki, na kosa hufutwa bila kukwangua karatasi kwa wembe. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, michoro mingi ya kompyuta hulifanya vibaya kuliko ile ya mkono, nalo ni ukubwa wa maandishi.

Nachukua mfano wa Kalangalala, kata ya mji wa Geita. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa huko ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Mji unapokua hivyo, ramani si pambo la ukutani. Ndiyo inayoonyesha barabara itapita wapi, kiwanja cha nani kimepunguzwa, na nani atapewa hati. Basi mtu akishindwa kuisoma ramani, ameshindwa kujitetea.

Tuone tatizo linavyozaliwa. Katika kompyuta, ardhi huchorwa kwa ukubwa wake halisi: kiwanja cha mita 20 kwa 25 huingizwa kama mita 20 kwa 25. Kupunguza huja wakati wa kuchapa. Lakini herufi haina ukubwa wake ardhini, maana hakuna herufi iliyoota shambani. Herufi ni mali ya karatasi na ya jicho. Mchoraji akitaka herufi ya milimita 2.5 katika kipimo cha 1:1,000, huiandika kwa urefu wa mita 2.5. Kwa 1:2,500 huiandika mita 6.25, na kwa 1:10,000 mita 25. Akisahau, akaichapa ile ya mita 2.5 kwa 1:10,000, itatoka robo ya milimita, mfano wa mguu wa sisimizi. Akiichapa ile ya mita 25 kwa 1:1,000, herufi moja itakuwa na kimo cha milimita 25 na kukifunika kiwanja kizima.

Mchoraji wa mkono hakuweza kupotea namna hiyo. Alikuwa na vibao vya herufi vya ukubwa maalumu, 1.8, 2.5, 3.5, 5 na kuendelea, na alichokiandika ndicho alichokiona. Mchoraji wa leo huvuta kioo karibu apendavyo, na kwenye kioo kila herufi husomeka. Kioo humdanganya.

Kisha inakuja fotokopi. Niliwahi kusimama mbele ya mchoro wa viwanja uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ambayo sitaitaja. Ulikuwa umechorwa kwa karatasi ya A1, ukapunguzwa hadi A4. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee namba ya kiwanja changu." Nikamjibu, "Mzee wangu, hata mimi siioni." Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi wawili tulikuwa na macho na tulitazama. Herufi ya milimita 2.5 ikishushwa kutoka A1 hadi A4 hubaki chini ya milimita moja. Tena karatasi ile iliendelea kutangaza kipimo cha 1:2,500, ilhali kwa kweli kilikwisha kuwa karibu 1:7,000. Ambaye angepima mpaka wake kwa rula pale angepata kiasi cha theluthi moja tu ya urefu wake. Mstari wa kipimo uliochorwa pembeni ungepungua pamoja na ramani na kubaki mkweli, lakini haukuwapo.

Wataalamu watasema dawa imepatikana. Ni kweli kwamba AutoCAD, programu iliyotoka mwaka 1982, ilipewa ukurasa wa karatasi mwaka 1990, ambapo maandishi huandikwa kwa ukubwa wake wa kuchapwa. Na tangu toleo lililoitwa 2008 yapo maandishi yanayojirekebisha kila kipimo kinapobadilika. Ni dawa nzuri, lakini haitibu kila kitu. Maandishi hayo yasipopewa kipimo fulani, huenda yasionekane katika kipimo hicho. Jina laweza kutoweka kimya kimya. Na kwa 1:10,000 kiwanja chetu ni milimita 2 kwa 2.5 tu. Hakuna namba isomekayo itakayoenea humo. Lazima mtu achague kipi kiandikwe na kipi kiachwe, na kompyuta haiwezi kuchagua kwa niaba yake.

Hapo ndipo penye lawama yangu. Katika ramani za maeneo ya migodi nilizopata kuziona, jina la leseni hutandazwa kwa herufi nene, na kitongoji chenye watu hupewa kijineno kinachomezwa na mistari. Sidai kuwa ni hila. Lakini ukubwa wa herufi ni cheo, na anayeugawa anagawa heshima.

Wapo watakaosema mwananchi anaweza kumuuliza mtaalamu. Anaweza, siku mtaalamu akiwapo. Lakini mchoro hubandikwa ili useme wenyewe wakati hayupo, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe. Kumshirikisha mtu kwa herufi asizoweza kuzisoma ni kumwalika karamuni na kumfungia mlango.

Kwa hiyo, mchoro nisingeupima kwa uzuri wa mistari yake. Ningeuchapa kwa ukubwa uleule utakaobandikwa, nikautundika ukutani, nikamwita mzee asiye na miwani asimame umbali wa mkono mmoja. Akiisoma namba ya kiwanja chake, umefaulu. Asipoisoma, urudishwe mezani, hata kama umetiwa sahihi na mihuri yote.