Sikio la Mpakani

Chebunyo iko Chepalungu, kaunti ya Bomet. Ukifika huku, mashamba ya chai ya Kericho umeyaacha nyuma. Nchi ni ya mahindi na mifugo, nayo inakaribia mpaka wa Transmara. Wizi wa ng'ombe na mapigano ya mpakani yamewafunza watu wa pande hizi elimu ninayoistahi sana: kusikia bunduki na kujua iko wapi.

Asiyezoea husikia mlio mmoja. Mchungaji mzoefu husikia miwili. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa sauti. Ndiyo maana ikikupita hutangulia mlio mkavu, paa!, kisha kinafuata kishindo kizito cha bunduki yenyewe. Ule wa kwanza hudanganya: huzaliwa hewani kwenye njia ya risasi, na anayeufuata hugeukia pasipo na mtu. Kishindo ndicho kitokacho kwa mpigaji, na mwanya kati ya milio hiyo ndio kipimo cha umbali. Mpigaji akiwa mita 300, mwanya haufiki nusu sekunde. Usiku, ukiuona mwako wa bunduki, hesabu ni nyepesi: sekunde 3 hadi kishindo ni kama kilomita moja.

Kazi ngumu ni kusoma ardhi na hewa. Mwangwi wa kilima huweza kudhaniwa bunduki ya pili. Upepo unaotoka kwa mpigaji huleta sauti, unaomwelekea huipoteza. Usiku wa baridi, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti hupinda kurudi ardhini, na mlio wa mbali ukasikika kama uko nyuma ya boma.

Sayansi nayo imetumia elimu hii. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwanafizikia Lawrence Bragg wa Uingereza alitafuta mizinga ya adui kwa maikrofoni zilizopangwa mahali mbalimbali, akilinganisha nyakati sauti ilipozifikia. Masikio mawili ya binadamu hufanya kazi hiyo hiyo kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hata hivyo, sikio zuri bila subira halifai kitu. Mjuzi hupokea mlio wa kwanza akanyamaza, akangoja wa pili, akasikiliza mbwa wanabweka upande gani na nduru zinapigwa wapi. Hapo ndipo husema watoto wakimbizwe njia ipi na ng'ombe watolewe upande upi. Maisha ya boma zima hutegemea kungoja huko.