Mathias Mnyampala na Ngonjera Zake

 Leo tumtazame mshairi wa hapa petu Ugogo, marehemu Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, akafariki mwaka 1969.

Labda utauliza: Mkristo huyu, aliyeitungia utenzi Injili na Zaburi, atuhusu nini? Nakujibu kwamba uadilifu haubagui dini. Mgogo huyu alizishika vina na mizani, mali ambayo wazee wa pwani waliidhani urithi wao peke yao, hata akawa mwenyekiti wa UKUTA. Na mwaka 1954 aliwaandikia Wagogo historia, mila na desturi zao, wakati wengi waliijua nchi yetu kwa habari za njaa tu.

Lakini sifa yake kubwa ni ngonjera: mashairi ya majibizano yasemwayo jukwaani, mjuzi na asiyejua, ubeti kwa ubeti, hata asiyejua akaridhika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilienea mashuleni, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971, mwenyewe keshazikwa. Hata madrasani zimeingia.

Mwaka mmoja niliwafunza vijana ngonjera ya sala kwa ajili ya Maulidi. Mtoto aliyepewa nafasi ya mjinga akaniuliza, "Maalim, mbona huyu anakubali upesi hivi? Mimi nisingekubali." Nilimkemea. Usiku sikupata usingizi, maana mtoto alisema kweli.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya ngonjera. Mnyampala alipata kuwa hakimu, naye hakimu hutoa hukumu baada ya kuzisikia pande mbili. Katika ngonjera hukumu imekwisha andikwa kabla mshitakiwa hajafumbua kinywa. Zilitumwa kueleza siasa ya nchi, na mtumwa hana hiari ya kubadili ujumbe. Watoto walihifadhi beti, lakini asiyepata kushindana na hoja hujuaje kwamba ameridhika?

Basi msomaji, chombo alichotuachia mzee huyu ni chema, tusikitupe. Ila ukitunga ngonjera, mpe mpinzani hoja nzito, kama za wakili aliyelipwa. Haki haiogopi kuulizwa. Mwalimu ndiye aogopaye, kama nilivyoogopa mimi.

Wabillahi tawfiq.