Mawe ya Redio

Redio ya babu ilikula mawe manne makubwa. Yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati, na jioni redio ilisema tena kwa sauti ya mgonjwa, kisha ikazimika taarifa ya habari haijafika nusu. Niliamini jua limeyajaza.

Siku moja nikatumwa nayo kwa fundi. Nilipomsimulia habari za bati alicheka, akachomoa jiwe moja, akaligusisha nyaya za mita. Mshale ukasimama karibu na volti 1.4. Jipya huwa na 1.5.

"Fundi, si bado zima hilo?"

Hakujibu. Aliliunga na balbu ya tochi, balbu ikatoa wekundu wa kaa linalokufa, na mshale ukaporomoka chini ya volti moja.

Watu huwasifu mafundi kwa wepesi wa mikono. Mimi huyu namsifu kwa shaka yake: hakuiamini namba mpaka jiwe limefanyishwa kazi. Jiwe likichakaa, ukinzani wa ndani yake huongezeka. Likikaa bure halionyeshi kitu. Mkondo ukianza kupita, sehemu ya volti humezwa humo humo kabla ya kuifikia balbu. Joto la jua huchangamsha kemikali na kupunguza ukinzani huo kwa muda, basi. Kilicholiwa hakirudi.

Shuleni nilikuja kuikuta kanuni ya Ohm ubaoni: gawanya volti kwa omu, upate ampea. Hatukuambiwa, na naona tulipunjwa, kwamba Georg Ohm alikuwa mtoto wa fundi makufuli huko Ujerumani, wala kwamba betri zilimtesa naye. Za zama zake zililegea katikati ya upimaji. Akaziacha, akaunganisha shaba na bismuthi, kiungo kimoja akakitia joto la maji yanayochemka, kingine baridi ya barafu, ili apate umeme usioyumba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Nikimfikiria, namwona amekalia kigoda cha fundi wetu.

Fundi aliyapima yote manne kwa balbu ile ile. Matatu yalistahimili. Yakipangwa kwa mstari volti hujumlika, manne yakatoa 6 (ukigeuza moja kwa bahati mbaya, unabaki na 3), lakini mkondo ni mmoja, hupita ndani ya kila jiwe, na moja chovu huwakaba wenzake wote. Akatoa lingine kwenye droo yake. Kabla ya kulipachika alichukua wembe, akakwangua springi taratibu, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inastahili, mpaka chuma king'ae. Kutu nayo ni ukinzani.

Redio ikanguruma. Akanitia lile bovu kiganjani.

"Mwambie babu asilianike."

Nilimwambia. Alilianika.