Duara Lenye Meno 2,160

Watu wakiitazama theodolaiti ya kale, chombo cha kupimia pembe, husifu shaba inavyong'aa na darubini ilivyokaa juu yake kifahari. Mimi macho yangu hushuka kwenye duara lililo chini, palipochorwa nyuzi na dakika kwa mistari myembamba inayotaka kioo cha kukuzia. Ufundi wenyewe uko hapo. Mengine ni kufua, kukereza na kung'arisha.

Bikari hugawa tao nusu kwa nusu bila tabu. Lakini nyuzi 90 za robo ya duara hazigawiki hivyo hadi mwisho: baada ya 45 umekwama. Ndiyo maana mwaka 1725 George Graham, katika robo-duara kubwa ya ukutani ya kupimia nyota huko Greenwich, alichora vipimo viwili sambamba, kimoja cha sehemu 90 na kingine cha sehemu 96, ambazo bikari huzifikia kwa kugawa nusu tu. Kimoja kikawa shahidi wa kingine. John Bird aliyemfuata aliogopa hata joto la miili ya watu, maana shaba hutanuka; chumbani hakutaka msongamano.

Kisha akaja Jesse Ramsden wa Yorkshire, aliyeanzia kwenye kazi ya vitambaa. Katika karakana yake London, kwenye miaka ya 1770, alikamilisha mashine ya kugawia yenye gurudumu la inchi 45. Kwanza aliligawa kwa mkono: sehemu tano, kila moja mara tatu, kisha nusu kwa nusu mara nne, zikawa 240. Kila sehemu ikapewa meno tisa. Parafujo ikizunguka mara moja, gurudumu husogea dakika 10. Ikizunguka mara sita, nyuzi moja. Fundi anakanyaga kanyagio, anavuta mstari, anakanyaga tena.

Ninachokistaajabia zaidi ni meno yale. Aliyakata kwa parafujo ya feleji iliyotiwa mapengo kama msumeno, akalizungusha gurudumu tena na tena, hata kosa la jino moja likasambaa kwa wenzake na kufifia. Mashine hiyo sahihi, basi, ilizaliwa na mkono uliojua kwamba unakosea.

Haraka Ramsden hakuwa nayo. Jenerali William Roy, aliyetaka kuunganisha Greenwich na Paris kwa pembetatu za upimaji ardhi, aliagiza theodolaiti kwake mwaka 1784 akaipata 1787: duara la futi tatu, uzito karibu kilo 90. Alilalamika, na haki yake.

Kuhusu mashine yenyewe, Bodi ya Longitudo, chombo cha serikali ya Uingereza kilichotuza mbinu za kupata longitudo baharini, ilimlipa pauni 615; mashine ikawa mali ya Bodi lakini ikabaki kwa Ramsden, kwa masharti. Afundishe mafundi wasiozidi kumi namna ya kuiunda. Maelezo yachapishwe, yakatoka 1777. Tena awagawie mafundi wengine vyombo vyao vya ubaharia vya kupimia pembe, oktanti kwa shilingi tatu, sekstanti kwa sita. Mshindani wake, akitaka, angeweza kuuza chombo chenye mistari iliyochorwa kwa Ramsden.