Hofu katika Lugha ya Matangazo ya Afya

Tangazo la afya ni miongoni mwa maandishi mafupi kuliko yote yanayodai kuugeuza mwenendo wa mtu. Shairi lina beti za kumlainisha msikilizaji, na hadithi ina siku kadhaa za kumzungusha kabla ya kumfikisha inakotaka. Tangazo lina maneno mawili au matatu tu, nayo husomwa na mtu aliyesimama, aghalabu mgonjwa au mwenye haraka. Hata hivyo sentensi hizi zilizobandikwa katika kuta za zahanati zimedai mambo makubwa kwa watu kuliko tenzi nyingi: zimewataka waache, wachimbe, wachemshe, wapime, wachanjwe. Zinastahili kuhakikiwa kwa uangalifu ule ule ambao vina na mizani hupewa.

Katika Buhare, mjini Musoma, kuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii, ambacho hufundisha watu ambao kazi yao itakuwa kuyachukua maneno ya namna hii hadi vijijini. Ziwa Viktoria haliko mbali. Mwanafunzi wa chuo kama hicho, akiisha kuhitimu, huenda akajikuta mwaloni mbele ya wavuvi wa dagaa, naye atapaswa kuchagua kama awatishe ama asiwatishe. Swali hilo limezoeleka kuulizwa kana kwamba hofu ni chumvi, na kazi ya mpishi ni kukadiria tu ichache au izidi. Matangazo yenyewe, yakisomwa kama lugha, yanaonyesha jambo jingine. Hofu humfaa msikilizaji pale tu ambapo sentensi inayomtisha inampa pia tendo analoweza kulitenda. Na lipokosekana tendo hilo, hofu haikai bure, bali hujitafutia kazi nyingine.

Mfano mkubwa ni maneno yaliyoenea mno Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1980 na 1990: UKIMWI unaua. Wagonjwa wa kwanza wa maradhi haya nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Watu wa Kagera walikuwa wamekwisha kuyapa jina lao wenyewe, Juliana, kwa kufuata jina la nguo zilizoletwa na wafanya biashara wa mpakani. Jina rasmi lililokuja baadaye, Upungufu wa Kinga Mwilini, lilitungwa kwa busara: linaeleza kilichopungua na mahali kilipopungua, na mtu asiye tabibu anaweza kulifahamu. Walakini jina hilo jema lilipewa kitenzi kimoja tu, kuua, na mara nyingi likachorewa fuvu la kichwa kando yake.

Na itazamwe sarufi ya sentensi hiyo. Mtenda ni maradhi. Mtendwa hakutajwa. Haisemwi humwua nani, wala hupita njia gani, wala huepukwaje. Sentensi ni ya kweli, hasa kwa miaka ile, lakini ni ya kweli kwa namna ambayo kusema simba anauma ni kweli. Msomaji hapewi nafasi ndani yake. Amewekwa nje, atazame.

Msomaji hakukubali kuwekwa nje. Barazani na katika vilabu vya pombe watu walizichukua herufi nne za jina la Kiingereza la maradhi hayo, AIDS, wakazifumbua hivi: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Wengi wamelichukulia neno hili kuwa ni ujinga au ufasiki mtupu. Ufasiki umo, na wasichana wadogo waliofanywa mzaha humo hawakuwa na la kucheka. Lakini kwa mhakiki hakuna jibu kamili kuliko hilo kwa tangazo la fuvu. Kitenzi ni kile kile cha ukutani, kuua, ila sasa kimetiwa mtendwa: i-ni-ue. Mtu aliyesahauliwa na mwandishi wa tangazo amejiingiza mwenyewe. Kisha kuna neno acha, ambalo ni amri ya kila mwalimu wa afya, nalo limepinduliwa kutoka katazo likawa ruhusa. Mwisho ni siachi, yaani amri imesikiwa, imefahamika, na imekataliwa. Katika maneno manne yamo mazungumzo mazima baina ya serikali na raia, na raia ndiye aliyesema mwisho.

Kwa nini mtu aliyeambiwa kwamba atakufa ajibu kwa kicheko? Wataalamu wa nafsi wameshughulika na swali hili muda mrefu. Mwaka 1953 Irving Janis na Seymour Feshbach walichapisha nchini Marekani uchunguzi juu ya wanafunzi waliofundishwa usafi wa meno, na waliotishwa zaidi ndio walioshika mafundisho kwa uchache zaidi. Kim Witte, katika maandishi yake ya 1992, alieleza kwamba mtu anayetishwa hupiga hesabu mbili: ukubwa wa hatari, na uwezo wake wa kuikabili. Hesabu ya kwanza ikiishinda ya pili, huiacha hatari akaanza kuishughulikia hofu yenyewe. Huikana, huicheka, au humtupia mwingine. Witte na wenzake walichapisha mwaka 1998 uchunguzi wa kampeni za UKIMWI kando ya barabara kuu ipitayo Kenya, mahali ambapo madereva wa malori na wenyeji wa vituo vyao walikuwa wamelisikia neno la kifo mara nyingi.

Njia hii ya tatu, ya kumtupia mwingine, ndiyo iliyodhuru kuliko zote. Fuvu ukutani halina uso, na hofu hutafuta uso. Jirani aliyekonda akawa ndiye fuvu. Majina ya mafumbo yakazuka, ngoma, au fulani amekanyaga waya, ili jambo litajwe bila kutajwa. Na mgonjwa naye akajificha, akaitimiza methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Yafaa kukumbuka kwamba dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini Tanzania mwishoni mwa 2004. Kabla ya hapo mtu aliyeambiwa apime aliombwa akajue jambo ambalo baada ya kulijua wengi hawakuwa na la kufanya. Rais Kikwete alipozindua kampeni ya upimaji Julai 2007, maneno yaliyochaguliwa yalikuwa Tanzania bila UKIMWI inawezekana. Kama sentensi ni nzito kidogo, lakini kitenzi chake cha mwisho ni cha uwezo, na kiliweza kusemwa kwa haki kwa kuwa dawa zilikuwapo kabatini.

Hekima ya kale ya Waswahili haikuwa imeidharau hofu. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Na kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hizi zinamsifu mwenye hofu. Lakini kunguru huyo ana bawa. Hakuna methali inayomsifu kunguru aliyetishwa akiwa ndani ya tundu.

Huenda ikajibiwa kwamba basi hofu iondolewe kabisa, watu waelezwe tu la kufanya. Jibu hilo pia lina kasoro. Howard Leventhal na wenzake walichapisha mwaka 1965 uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale. Wanafunzi waliosoma habari za kutisha za pepopunda walipopewa pia ramani ya zahanati na kutakiwa kupanga saa ya kwenda, waliochanjwa walikuwa karibu 28 katika kila mia. Wasiopewa mpango huo hawakuzidi watatu au wanne. Kuongeza kitisho hakukuongeza waliokwenda. Lakini waliopewa ramani bila kutishwa hata kidogo hawakwenda kabisa. Ramani peke yake ni karatasi.

Tanzania ilikuwa na mfano wake yenyewe, na ni wa fahari. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, kuhara, safura na kifua kikuu, na baada ya kusoma wakashika majembe. Vyoo vilichimbwa kwa wingi sana. Jina lenyewe lina maneno matatu, na la kwanza ni mtu. Maradhi hayakupewa kiti cha mtenda. Siasa ya wakati ule ilikuwa imekwisha kuyataja maradhi kuwa adui, pamoja na ujinga na umaskini, na tofauti ya adui na muuaji si ndogo: adui hupigwa vita, muuaji hukimbiwa. Hofu ilikuwamo ndani ya vijitabu, kwani hakuna anayechimba shimo kwa mapenzi ya shimo. Ila ilisomwa katika kikundi, kando ya majirani, na jembe likiwa karibu.

Kazi nyingine ya kusifiwa ni mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kusikika katika Redio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, alipata maradhi ambayo tangazo lingeyataja kwa neno moja. Lakini wasikilizaji walikuwa pia na Tunu, mkewe, ambaye polepole alijifunza kukataa na kujitegemea. Mkwaju ni kitisho. Tunu ni bawa. Mtungaji asiye na stadi angalitosheka na Mkwaju.

Hapana budi kulitaja pia janga la Korona, kwa kuwa hapo jaribio lilifanywa kwa upande wa pili. Tanzania ilitoa hesabu ya wagonjwa hadi mwisho wa Aprili 2020, kisha ikanyamaza, na Rais Magufuli akawahimiza watu waitupe hofu, wamwombe Mungu na wafanye kazi. Yalikuwamo maneno ya haki katika himizo hilo, maana wauza samaki na mama lishe wasingeweza kufungiwa nyumbani wakaishi. Lakini hofu iliyokatazwa haikutoka katika lugha. Mwanzoni mwa 2021 misiba iliposikika, ilisemwa kwamba marehemu alipatwa na changamoto ya upumuaji. Neno changamoto, ambalo kwa asili huchochea, likafanywa sanda. Na watu, kwa kukosa tendo lililothibitishwa, walilishika walilolipata, nyungu ya majani, wakajifukiza. Wengine waliwacheka. Aliyewacheka hakuona kwamba walikuwa wakitafuta kile ambacho tangazo halikuwapa. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mnamo tarehe 28 Julai 2021, nayo ilikuta watu waliokwisha kuambiwa, kwa zaidi ya mwaka mzima, kwamba hapakuwa na la kuogopa.

Turudi ziwani. Maradhi yanayomkabili mtu wa mwambao wa Mara kila siku ni kichocho, na hapa mafundisho ya hofu yanafika ukingoni kabisa. Vijidudu hutoka katika konokono wa maji, hupenya ngozi ya aliyesimama majini, na mayai ya minyoo hurudi ziwani kwa choo cha binadamu. Mwandishi wa tangazo angependa kuandika: Usiingie majini. Lakini mvuvi husukuma mtumbwi akiwa majini, mama hufua majini, na mtoto hutumwa ndoo. Kumwambia mtu wa mwaloni asiingie ziwani ni kumwambia mkulima asikanyage shamba. Ukimtisha kwa picha ya tumbo lililovimba, atakuonyesha mzee wa miaka sabini aliyevua tangu utotoni, naye atakuwa ameshinda hoja mbele ya watu wote.

Dawa ipo, prazikwanteli, nayo hutolewa kwa vidonge kulingana na kimo. Lakini hata dawa yaweza kurithi hofu isiyopewa njia. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, watoto walipopewa vidonge vya kichocho shuleni, baadhi yao waliumwa, uvumi ukaenea kwamba dawa inaua, wazazi wakakimbilia shuleni na ghasia zikazuka. Kitenzi kilikuwa kile kile. Wazazi hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamefundishwa kuogopa jambo linaloingia mwilini bila kuonekana, na hawakuelezwa vya kutosha kwamba tumbo linaweza kusokota baada ya kumeza, hasa kwa mtoto asiyekula kitu. Sentensi moja, iliyosemwa siku moja kabla, kwamba mtoto ale kwanza, ingalikuwa na thamani kubwa kuliko mabango kumi.

Kwa hiyo anayetumwa mwaloni kutoka Buhare atafanya vema kuanza na kalamu ya mhariri kabla ya kipaza sauti. Aichukue kila sentensi aliyopewa ofisini na kuiuliza: mtenda ni nani, na mtendwa yuko wapi? Je, kitenzi kilichomo ni kitenzi ambacho mvuvi anaweza kukifanya kabla ya jua kuchwa? Choo kando ya mwalo, kwa mfano, ni tendo. Kumeza vidonge siku fulani baada ya chakula ni tendo. Kuchota maji na kuyaacha yatulie siku nzima au zaidi kabla ya kuyaogea ni tendo, maana vijidudu hivyo havikai muda mrefu vikiwa hai nje ya konokono. Kisha, kabla ya kuitaja siku ya vidonge, ahakikishe kwamba vimekwisha kufika zahanati, na kwamba vinawatosha wavuvi watu wazima, si wanafunzi wa shule peke yao.